Sauti ya Vieux Mbayo

"Na minyi narudilia: sikupatia muntu wimbo yangu!" Feza alisema hivyo kwa mara ya tatu, macho yake yakiwa bado kwenye cherehani.

"Basi aliokota mu barabara?" Mama yake, Mama Francine, alisimama mlangoni na beseni la unga kichwani. Alikuwa ametoka nalo kwenye mashine ya kusagia kwa mwendo wa mbio, na hasira ilimsahaulisha kulitua. "Nimesikia neno kwa neno, Feza. Kipande yenye kubakia, nani atavwala. Uliitunga hapa, mu hii nyumba, wakati minyi napika sombe. Hata sombe iliungua juu ya ile wimbo."

"Sombe iliungua juu ulikuwa kwa jirani, maman."

"Usinipoteze njia! Tunazungumuza mwizi, hatuzungumuze sombe."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye mashine alikuwa ametundika spika mpya juu ya mlango, ili wanawake wasichoke na foleni. Asubuhi ile wimbo wa Feza ukatoka kwenye spika, na foleni nzima ikaanza kutikisa mabega, mabeseni na yote. Ila aliyeimba hakuwa Feza. Alikuwa mwanaume.

"Mwanaume muzima," alisema Mama Francine. "Sauti nzito, ya kutulia. Nikauliza: nani huyu? Wote wananirukia: eh, maman, haumujue Vieux Mbayo? Mbayo! Hata jina ya baba yako amebeba! Minyi najua ni nani. Ni Amédée wa Kaniama, mutoto wa kaka ya baba yako. Yule toka zamani anapendaka vintu vya bantu."

"Amédée hajue kuimba hata Baba Yetu."

"Sasa amejifunza." Mama Francine akatua beseni hatimaye, akapangusa unga kwenye paji la uso. "Na unajua nini inaniuma zaidi? Anaiimba vizuri kukupita."

Mguu wa Feza ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

Alimjua mama yake. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, na akisema jambo la kuuma ni kwa sababu anaamini ni kweli. Feza alikuwa na miaka ishirini na sita, alishona sare za shule na magauni ya vitenge, na nyimbo zake zilizaliwa pale pale, kwenye mlio wa kanyagio. Kati ya zote, moja tu ndiyo iliyokuwa imerekodiwa. Redio ya mjini iliipiga mara moja, saa tisa mchana, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na tangazo la chanjo. Baada ya hapo kimya. Alikuwa ameanza kuzoea kile kimya, akajiambia labda wimbo ni mbovu.

Kumbe wimbo si mbovu. Kumbe unatikisa foleni ya mashine. Basi huyo mzee anafanya nini nao ambacho yeye hakufanya?

Swali lilimwinua kitini. Alitaka kumkamata mwizi, ndiyo, lakini alitaka zaidi kumsikia. Alivua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Hénoch. Kama wimbo inatembea, njo yeye anaitembeza."

"Na minyi nafika," alisema Mama Francine, na tayari alikuwa anafunga kitenge upya kiunoni.

Kwa Hénoch palikuwa karibu na gare, stesheni ya gari-moshi: kibanda cha mabati, bamba la sola juu yake, kompyuta moja ya mkononi isiyo na vitufe vitatu. Hapo Kamina, nani atamaliza mega zake kutafuta nyimbo moja moja kwenye simu? Unampelekea Hénoch kadi ya memori, anakujazia. Kabla ya jioni madereva wa pikipiki wamekwisha kuzibeba nyimbo hizo hadi Kaniama, hadi Kabondo-Dianda, hadi kule Kinkondja kwa wakausha samaki. Na jina ambalo Hénoch amemwandikia mwimbaji kwenye kompyuta yake, hilo ndilo jina lake nchi nzima. Hakuna wa kumsahihisha. Siku moja aliandika jina la padri fulani kwenye wimbo wa rumba, na padri yule alipata taabu kweli kueleza.

Walisikia wimbo kabla ya kukiona kibanda.

Feza alipunguza mwendo. Sauti ilikuwa ya chini sana, pana, haina haraka. Mwimbaji alivuta pumzi kabla ya neno "nani", pumzi ya kusikika, kama mtu anayeinama kuokota kitu kizito. Wimbo wenyewe ulihusu kile kipande kinachobaki mezani baada ya gauni kukatwa: si kibaya, ni kitenge kile kile, rangi ile ile, ila hakina umbo la kitu chochote. Alipouimba yeye ulikuwa wimbo mtamu. Huyu alipouimba, ulikuwa wa kweli. Feza alisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akamzunguka akinung'unika.

Kisha akasikia mlio mwingine, nyuma ya sauti. Tik, tik-tik. Tik, tik-tik. Chuma kidogo kwenye mbao.

Aliangalia mkono wake wa kulia. Kwenye kidole cha kati kulikuwa na kile kikofia cha chuma anachovaa fundi ili sindano isimchome. Hakuwa amekivua. Karibu hakukivua kamwe.

"Twende," alisema mama yake. "Umesimama nini?"

Feza alikitazama tena kile chuma. Alikuwa amekumbuka.

Mwezi wa tano alikuwa amepanda pikipiki hadi base, kambi ya jeshi, kwenye studio ya Bokungu. Bokungu alikuwa mtoto wa mwanajeshi kutoka Equateur, aliyekulia pale kambini. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani. "Imba tu, l'artiste," alimwambia. "Hii ya kwanza ni ya kupimia mashine. Haibakie." Feza alikuwa amechoka, vumbi kooni, na Bokungu amempa mgongo. Kwa kuwa haibaki, aliimba bila kujishika. Aliacha sauti ianguke hadi ilipotaka kuanguka, akagonga mdundo mezani kwa kidole. Alipomaliza, Bokungu aligeuka. "Hii sauti ilikuwa wapi?" Feza akamwambia afute mara moja. Ndipo wakarekodi ile nyingine, ya juu, nyembamba, na Bokungu akaisugua kwenye kompyuta mpaka ikang'aa kama nyimbo nyingine zote.

Kwa hiyo mwizi alikuwa amepatikana. Alikuwa amevaa viatu vya Feza mwenyewe.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa dakika nzima, kabla ya kusikia kile chuma, alikuwa amempenda yule mzee. Alikuwa hata amemwonea wivu.

Mama Francine hakungoja. Alifika kibandani, akapiga bati kwa kiganja. "Hénoch! Zima ile kelele, halafu uniambie Vieux Mbayo iko nani!"

Hénoch alitoa kichwa. Alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka arobaini, miwani yake imefungwa kwa uzi kwenye sikio moja. "Maman Francine, jambo kwanza. Hata mwizi tunamusalimiaka."

"Jambo. Iko nani?"

"Minyi mwenyewe naulizaka." Akapunguza sauti ya spika. Nje ya kibanda walikuwepo dereva wa pikipiki anayengoja kadi yake, na mwanamke mmoja mke wa mwanajeshi, simu mkononi. "Bokungu alinitumia clé yake ya USB. Ndani kulikuwa nyimbo mbili, zote Mbayo. Moja ya Yaya Feza, dada yetu hapa." Alimwinamia Feza kichwa kwa heshima. "Ingine ya mwanaume, muntu wa miaka. Nikafikiri ni baba na mwana. Basi nikaandika: Feza, na Vieux Mbayo. Ya Yaya Feza, samahani, banaiomba kidogo tu. Ya vieux, sipumuzike."

"Baba yake alikufa, iko sasa miaka tisa," alisema Mama Francine. "Na wakati wa uzima aliongeaka sawa panya."

Feza aliguna kicheko, kisha akakimeza. Alikuwa na maswali mengi kichwani, na kati ya yote alichagua lile lililomwasha zaidi. Alimgeukia mke wa mwanajeshi. "Yaya, unapenda nini mu ile wimbo?" Aliuliza kwa sauti yake ya kila siku, ile nyembamba, ya adabu.

Mwanamke alifikiri. "Hanisukume," alisema. "Zile zingine zinanisukuma-sukuma sawa muuza samaki: nipende, nipende. Huyu anaimba, unasikia, husikie, yeye anaendelea na kazi yake."

"Na ile ya mwanamuke?"

"Ile iko muzuri." Akainua bega. "Iko sawa zingine."

Feza alilipokea jibu hilo kama kipimo cha mteja, bila kukasirika, akaliweka akilini. Miaka kumi na miwili ya kuijenga ile sauti ya juu, na matokeo yake ni kufanana na zingine.

Aliijenga kuanzia umri wa miaka kumi na minne. Kabla ya Krismasi mwongoza kwaya ya parokia alimsikiliza, akakuna kichwa, akamtoa kwa wasichana na kumsimamisha mwisho wa safu ya tenori, kati ya mwalimu mmoja na fundi baiskeli. Mwongoza kwaya hakuwa na ubaya. Alipanga sauti kama mtu anavyopanga viti. Lakini wasichana waliona. Kamina ni mji wa base, kila mtoto anajua gwaride, na kabla ya misa kwisha walikuwa wamempa jina: Adjudant, kama yule wa kuamrisha askari. "Adjudant, mbele, tembea!" Hadi sokoni. Feza akaacha kwaya. Akaanza kuongea kwa kichwa badala ya kifua, nyumbani, shuleni, mbele ya wateja, hata akiwa na malaria. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa na sauti nyingine. Yeye mwenyewe alidhani imekufa.

"Shida iko hivi," Hénoch aliendelea. "Talitha, binti ya capitaine kule base, anafunga ndoa samedi, Jumamosi hii. Anataka Vieux Mbayo aimbe, yeye mwenyewe, na mwili wake. Bokungu anakatala kusema jina. Anasema mwenye sauti alimuomba afute, na yeye mukono wake ulikatala kufuta. Basi, minyi nikatafuta. Nikapata Mbayo mumoja, iko na tumbo, iko na kofia, iko tayari. Tutaweka playback. Mashine itaimba, yeye atafungua kinywa."

"Mbayo gani?" aliuliza Mama Francine, taratibu.

"Amédée wa Kaniama."

"Unaona!" Mama Francine aligeuka kwa binti yake, amefurahi kabisa. "Unaona! Minyi nilisema nini? Mwizi!"

"Hajaiba bado, maman," alisema Hénoch. "Anangoja tu jibu. Talitha ameniambia kabla ya saa sita nimwambie ndiyo ao hapana. Sasa iko saa sita kasoro."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Feza alisimama pale, na mbele yake njia ilikuwa nyeupe na rahisi: kunyamaza. Wimbo tayari unapendwa. Amédée atavaa kofia yake, atafungua kinywa, watu watacheza, na hakuna atakayemcheka fundi wa kushona. Sauti itaendelea kutembea hadi Kinkondja bila yeye. Je, si hilo alilotaka alipomwambia Bokungu afute?

Hapana. Alitaka isisikike. Sasa imesikika, na hilo ni jambo lingine.

Alijaribu kulipima kama anavyopima kitambaa. Ipi ni sauti yake? Ile ya juu nayo hakuiiba. Aliitengeneza mwenyewe, kwa kazi, mshono kwa mshono, kama gauni. Gauni si uongo. Hakuna anayekwenda sokoni bila nguo. Lakini kuna mtu aliyelala na gauni miaka kumi na miwili? Na ile ya chini, je, ndiyo ya kweli kwa sababu tu hakuifanyia kazi? Hakuwa na uhakika. Alichojua ni kwamba alipoiachia ile siku, wimbo ulisema kitu ambacho yeye mwenyewe, mtunzi, hakuwa anajua ameandika. Angependa kujua una nini kingine ndani. Na Amédée hawezi kumwambia.

"Na kama Vieux Mbayo angekuwa mwanamuke?" aliuliza.

Dereva wa pikipiki akacheka mpaka akashika usukani. "Mwanamuke na hii sauti? Eh! Ule angekuwa adjudant!"

Lile lile neno. Feza alingoja limchome pale pale pa zamani. Lilichoma, kidogo. Lakini safari hii alimtazama aliyelisema. Kijana wa watu, koti la manjano, na mdomo wake, hata katikati ya kicheko, ulikuwa bado unafuata maneno ya wimbo. Kipande yenye kubakia. Alikuwa anayajua yote.

"Umekuja kuweka nyimbo gani mu kadi?" Feza alimwuliza.

"Hii hii. Ilikuwamo, kadi ikaharibika. Nimerudilia."

"Mara mbili, basi."

"Mara mbili, yaya. Juu ya nini?"

Feza alivuta pumzi, ile ya kuinama na kuokota kitu kizito, akaiacha ishuke yote hadi kifuani.

"Hénoch," alisema, "leta telefone."

Sauti ile ile iliyotoka kwenye spika ilikuwa imetoka kwa mwanamke mwembamba mwenye nyuzi nyeupe kwenye sketi. Dereva alitazama spika, akamtazama Feza, akatazama tena spika. Miwani ya Hénoch ilianguka upande mmoja na kuning'inia kwenye uzi.

Mama Francine alimsogelea binti yake. "Weye?"

"Minyi, maman."

"Ile ya ku mashine?"

"Njo minyi."

Mama yake alimkagua kuanzia miguu hadi kichwa, kama anayekagua samaki aliyekwisha kumlipia. "Miaka kumi na mbili," alisema. "Miaka kumi na mbili unanisemesha na sauti ya kuazima, mu nyumba yangu! Na minyi nikafikiri iko ugonjwa ya koo! Nilikunywesha mafuta ya mawese na tangawizi kila saison ya mvua! Juu ya nini ulikunywa?"

"Ulikuwa unanishika pua, maman."

Mke wa mwanajeshi akaangua kicheko, na Feza naye, na kicheko chake kilikuwa cha chini, kikubwa, hakuwa amekisikia tangu utotoni. Mama Francine hakucheka. Alikuwa bado anahesabu chupa za mafuta. Kisha uso wake ukabadilika.

"Nilisema anaimba vizuri kukupita," alisema.

"Ulisema."

"Basi siondoshe neno. Iko kweli." Akakung'uta unga uliobaki mkononi. "Nilipata tu jina vibaya."

"Maman, sauti hii ilitoka kwa nani? Kwa koko, mama yako?"

"Sijue. Kwetu hakuna. Kwa baba yako panya watupu. Iko yako tu, usitafute mwenyewe mwingine." Alipiga bati tena. "Hénoch! Umesikia muntu anaomba telefone, ao unangoja Amédée apande pikipiki?"

Hénoch alirudisha miwani, akafungua mazungumzo yake na Talitha kwenye simu, akampa Feza simu. "Unashika hapa, unasema," alieleza. "Ukiachia kidole, inaenda. Ukivuta pembeni, inafutika."

"Najua."

"Na ile ingine, ya juu? Nitoe?"

Feza alifikiri. "Acha. Ile pia iko yangu. Lakini zote andika jina moja. Andika sasa, nikiona."

Hénoch akaandika. Vitufe vitatu havikuwepo, akabonyeza mahali pake kwa ncha ya kalamu. Kwenye kioo Vieux Mbayo akatoweka herufi baada ya herufi, na mahali pake pakaja: Feza Mbayo. Na chini yake tena: Feza Mbayo.

Ndipo Feza akaweka kidole kwenye simu.

"Talitha, jambo," alisema, kutoka kifuani. "Yule vieux unamutafuta, njo minyi. Jina yangu Feza, niko fundi wa kushona, siko na tumbo wala kofia. Nitakuja samedi mwenyewe. Bila playback. Sikiliza kwanza, kama hautaki, utaniambia."

Akagonga bati la kibanda kwa kidole chenye chuma. Tik, tik-tik. Akaimba. Aliimba ubeti mmoja na kiitikio, palepale njiani, jua la saa sita utosini, gari-moshi la mizigo likipiga honi upande wa gare katikati ya mstari wa tatu. Hakuusubiri mlio upite. Kwenye neno "atavwala" sauti ilikwaruza. Ile ya studio haikukwaruza. Dereva wa pikipiki alifungua mdomo kusema kitu, Mama Francine akamwonyesha kidole, akaufunga.

Wimbo ukaisha. Kidole bado kilikuwa kwenye kioo. Sentimita mbili tu upande wa kushoto na yote yangefutika, mkwaruzo, honi, Adjudant, kila kitu, na safari hii mkono wa kufuta ulikuwa wake mwenyewe, si wa Bokungu.

"Imekwaruza," alisema Feza.

"Tumesikia," alisema mama yake. "Achia."

Akaachia.